Samaki Anayeotesha Moyo Wake

Anayetoka Ruaha kwenda Morogoro kwa basi hupita katikati ya Hifadhi ya Mikumi. Huwaona pundamilia kando ya barabara. Je, ndugu msomaji, umepata kusikia habari za samaki pundamilia?

Samaki huyo hayumo katika mto wetu. Kwao ni India, Nepal na Bangladesh, katika vijito na majaruba ya mpunga. Ni mdogo, hafikii urefu wa kidole cha kati. Ni wa ukoo mmoja na dagaa wa Ziwa Viktoria. Ubavuni ana milia, ndipo akapata jina hilo.

Wataalamu wa magonjwa ya moyo humfuga katika matangi. Kwa nini samaki? Yai lake ni angavu kama kioo. Ukilitazama kwa hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo, unaona mpaka ndani. Siku moja tu baada ya yai kutagwa, moyo huanza kudunda. Mtaalamu huutazama ukidunda, na damu ikipita, bila kupasua kitu. Mtoto wa binadamu yumo tumboni mwa mama yake, hatuwezi kumtazama hivyo.

Moyo wa samaki una vyumba viwili. Wetu una vinne. Lakini kazi ni ile ile, kusukuma damu.

Mwaka 2002 wataalamu wa Marekani walitoa habari ya ajabu. Walikata kipande cha moyo wa samaki huyu, kama sehemu moja ya tano ya chumba kinachosukuma damu. Samaki waliishi. Baada ya miezi miwili nyama ya moyo ilikuwa imeota tena! Sisi hatuko hivyo. Sehemu ya moyo wa mtu ikifa, hubaki kovu. Kovu halisukumi damu. Ndiyo maana mgonjwa huchoka hata kwa kubeba ndoo moja ya maji.

Siri ya samaki huyo inatafutwa. Dawa bado haijapatikana. Basi mtu akija mnadani na chupa ya mafuta, akasema yanaotesha moyo, usimpe fedha yako. Samaki ni chakula kizuri, lakini kumla hakukupi moyo wake.

Anayekosa pumzi akilala chali, au anayevimba miguu, aende zahanati akapimwe. Aliyepewa vidonge vya shinikizo la damu asiviache kwa sababu anajisikia nafuu. Akihitaji matibabu makubwa, ataandikiwa rufaa. Tangu mwaka 2015 ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na moyo hupasuliwa hapa hapa nchini.