Anayekuchoma Sindano, Umemuuliza Leseni?

Msimu wa mpunga ukifika, familia nyingi za Bonde la Kilombero huhamia mashambani, mbali na zahanati, na hukaa huko miezi. Mtoto akipandisha homa usiku, baba hana usafiri wa kumfikisha Ifakara mjini. Anamkimbilia "daktari" wa jirani. Na huyo daktari ana nini? Ana begi la dawa, ana koti jeupe, na watu wanamsifu. Cheti chake nani amekiona?

Wengi wetu tunaona haya kuuliza. Lakini hatununui kiwanja bila mashahidi, na akija mtu kuposa binti yetu tunaulizia ukoo wake mpaka kwa mababu. Kwenye damu ya mtoto ndipo tunaposema "tumwachie Mungu".

Dini haikuliacha jambo hili. Katika hadithi iliyopokelewa na Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa anayejitia utabibu hali hajulikani kuwa na elimu hiyo, madhara yatakayotokea yako juu yake, atayadhamini. Wanahistoria wa Kiislamu nao wameandika kuwa mwaka 319 Hijria (931 Miladia) mtu mmjoa alikufa Baghdad kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akaamuru asitibu mtu yeyote mpaka atahiniwe na tabibu mkuu, Sinan ibn Thabit. Waliofika kutahiniwa walizidi 860. Kwa hiyo anayedhani leseni ni mambo ya Wazungu, asome tena historia yake.

Hapa kwetu Tanzania Bara, daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo sasa linafuata sheria ya mwaka 2017. Muuguzi na mkunga wana baraza lao chini ya sheria ya 2010, wafamasia wana lao, na wa maabara vilevile. Na msidhani wa tiba za asili wamesahauliwa: wana sheria ya 2002 na baraza lao. Ndugu zetu wanaopiga chuku (hijama) nyuma ya misikiti wajiulize wako wapi katika hilo.

Sasa tuelewane, maana hapa ndipo wengi hudanganyika. Cheti cha chuo si leseni. Cheti kinasema mtu huyu alisoma akafaulu. Usajili unasema baraza limemtambua. Leseni ndiyo inayomruhusu kufanya kazi, nayo ina tarehe ya kwisha. Mtu anaweza kuwa amesoma kweli, amesajiliwa kweli, na leseni yake imekwisha zamani. Kwa mji kama Ifakara, ambao umejaa mambo ya utafiti na mafunzo ya afya tangu Waswisi walipofungua maabara yao mwaka 1957, hili ni muhimu zaidi. Vijana wenye makoti meupe ni wengi mitaani. Mwanafunzi aliye mazoezini anatibu chini ya msimamizi wake. Jioni nyumbani kwako si tabibu.

Zipo kamati za misikiti zinazofungua zahanati, na ni jambo la kheri. Lakini kamati inayoajiri imebeba amana. Mara nyingi muuguzi anachukuliwa kwa sababu ni mtoto wa fulani, na anaswali. Alhamdulillahi, lakini takeni vyeti halisi, msikubali fotokopi. Linganisheni majina na kitambulisho cha taifa, herufi kwa herufi. Chukueni namba yake ya usajili mkaithibitishe barazani, si kwake yeye. Mpigieni mwajiri wake wa mwisho, mwulizeni kwa nini aliondoka. Pia mwoneni Mganga Mkuu wa Halmashauri kabla hamjafungua mlango.

Wageni je? Madaktari kutoka nchi za Kiarabu au Uturuki wanaokuja kupasua macho bure tunawapokea kwa furaha, na Allah awalipe. Hata hivyo viza ya matembezi haimruhusu mtu kushika kisu. Anatakiwa atambuliwe na baraza la hapa, na mgeni anayekuja kufanya kazi anahitaji kibali cha Kamishna wa Kazi, kwa sheria ya 2015, na kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Mwenyeji aliyemwalika ndiye wa kuyashughulikia haya mapema. Mgonjwa akipofuka na mgeni ameshapanda ndege, utamdai nani?

Lipo jingine, nalo ni la majumbani mwetu. Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Watumishi wa afya walikuwamo. Tuseme ukweli: vyeti vingine havitengenezwi na matapeli wa mjini. Mzazi anachukua cheti cha kidato cha nne cha kaka aliyefaulu, anampa mdogo aliyefeli, kijana anaishi kwa jina la kaka yake. Huenda akawa muuguzi mwema miaka ishirini. Siku ikigundulika anaondoka, na wagonjwa aliokuwa akiwahudumia wanabaki kwenye foleni. Baba aliyetoa kile cheti alidhani anasaidia.

Kwa aliye shamba usiku huu: duka la dawa muhimu ni msaada, na muuzaji wake aliyepewa mafunzo anafahamu dawa alizoruhusiwa. Ila duka hilo haliruhusiwi kuchoma sindano wala kulaza mgonjwa, hata ukimbembeleza. Mtoto mwenye degedege, anayetapika kila kitu au asiyeweza kunyonya, usimpeleke dukani wala kwa mwenye begi. Azima pikipiki, amsha jirani, mfikishe kituo cha afya akapimwe malaria kwa kipimo. Na yule mwenye begi, asubuhi mwombe leseni kwa adabu. Akiitoa, soma tarehe. Akikasirika, mpelekee taarifa mtendaji wa kijiji na Mganga Mkuu wa Halmashauri, kabla hajafika nyumba ya pili.