Daftari la Biryogo na asilimia 14 isiyoonekana

Mwaka 2002 gazeti la Washington Post liliwaambia wasomaji wake kwamba Waislamu wa Rwanda wamefikia asilimia 14 ya wananchi milioni 8.2, mara mbili ya walivyokuwa kabla ya mauaji ya kimbari ya 1994. Mwaka huohuo serikali ya Rwanda ilifanya sensa. Waislamu wakaonekana asilimia 1.8.

Pengo hilo ni la watu milioni moja. Makarani wa sensa wanaweza kuruka nyumba, hata mtaa, lakini watu milioni moja hawapotei katika nchi ndogo kiasi kile, ambako kila kilima kinatazamana na kingine. Jambo hili lilinikaa kichwani muda mrefu, nami niliposhuka Kigali kwa shughuli nyingine nikaenda Biryogo, mtaa wa Waislamu, kuuliza.

Mtanzania haoni ugeni Biryogo. Wazee huamkiwa shikamoo, na Kiswahili kinachosikika vibarazani kina lafudhi ya Kigoma na Tabora, ndiko walikotoka wengi wa askari, makarani na wachuuzi walioingia na Uislamu huko enzi za Mjerumani. Msikiti wa Al-Fatah, Nyamirambo, ulijengwa 1913. Mbelgiji alipokuja aliwatenga Waislamu katika vitongoji vyao, na elimu akaiacha mikononi mwa wamisheni. Uhuru uliwakuta wachache, wafanyabiashara na madereva, wasio na sauti serikalini.

Nilielekezwa kwa ustadh mmoja aliyekwisha kustaafu kufundisha madrasa, mjukuu wa mtu wa Ujiji. Nilipomweleza kilichonileta hakujibu. Aliingia ndani, akatoka na daftari la jalada gumu lililofungwa kwa kitambaa cha kanga.

Ndani yake mistari imepigwa kwa rula, na kila ukurasa una safu tano: tarehe, jina la zamani, jina jipya, anakotoka, mashahidi. Hili ni daftari la waliosilimu mbele yake. Kurasa za miaka ya themanini zimepumua, majina mawili au matatu kwa mwezi, hati ya taratibu, wino mmoja. Halafu unafika mwishoni mwa 1994, na daftari linabanana. Mstari mmoja umebeba watu wawili. Wino unabadilika katikati ya jina. Mashahidi ni walewale kila siku, mpaka ustadh akaacha kuandika majina yao na kuweka alama za nukta tu.

Safu ya majina ndiyo iliyonishika. Wanyarwanda wengi hawana jina la ukoo. Kila mtu ana lake la Kinyarwanda, na mbele yake la ubatizo. Katika daftari, la Kinyarwanda limeachwa kama lilivyo, la ubatizo ndilo limebadilishwa, na mabadiliko yenyewe yamefanywa kwa huruma. Jean-Baptiste amekuwa Yahya. Joseph ni Yusufu, Marie ni Maryam, Élie ni Ilyasa... hapo ustadh amefuta akaandika Ilyasi.

"Niliwapa mtume yuleyule kila nilipoweza," alisema. "Mtu amepoteza mama, baba, nyumba, ng'ombe. Nimpokonye na jina? Hata mimi, mwanangu, shule ya mapadri waliniandika Gaspard. Miaka sita naitika Gaspard, bila hivyo hupati dawati. Najua inavyokuwa."

Katika kurasa za 1995 safu ya "anakotoka" ina nafasi nyingi tupu. Nilidhani ni haraka ya kazi.

"Haikuwa haraka," alisema. "Ukimuuliza mtu kwao wapi, anakutazama tu. Sasa ningeandika nini?"

Walisilimu kwa sababu gani? Yeye hataki sababu moja. "Wapo tuliowaficha humuhumu, chini ya vitanda na juu ya dari. Wapo ambao ndugu zao walifia kanisani, wakawa hawawezi tena kupita mlango ule. Wapo waliooa kwetu. Na wapo waliokuwa na damu mikononi, wakidhani kofia itawasitiri. Mimi si hakimu. Mtu akitamka shahada, naandika."

Namheshimu kwa kusema hilo la mwisho, maana sifa za Waislamu wa Rwanda mwaka 1994 zimesimuliwa mara nyingi bila doa. Sifa hizo ni za kweli. Mtaa huu ulificha watu, na Mabare, huko Rwamagana, watu waliokimbilia msikitini waliuawa humo. Lakini Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la chuki la Kangura aliyehukumiwa na mahakama ya kimataifa ya Arusha, naye alikuwa Mwislamu.

Turudi kwenye hesabu. Sensa ya 1991 iliwapa Waislamu asilimia 1.2 ya watu milioni 7.1, yaani kama watu 85,000. Ile ya 2002 inatoa kama 146,000. Tafakari kilichopita katikati: mamia ya maelfu wameuawa, mamilioni wamekimbia, wengine wamerudi kutoka uhamishoni, na jamii hii ndogo imeongezeka kwa zaidi ya theluthi mbili. Aliyesikia kwamba Waislamu wameongezeka mno hakudanganywa. Kilichopotoka ni ukubwa wa kundi lenyewe. Ustadh ana maelezo yake.

"Waandishi walikuja Ijumaa. Wakakuta watu wanaswali mpaka barabarani. Misikiti yetu michache, tena midogo, lazima ijae. Wakauliza viongozi, mko wangapi? Kiongozi gani atasema sisi ni wachache?"

Nikamuuliza kuhusu waliotoka. Alinyamaza, akafunua kurasa za 1995, akaanza kupitisha kidole: huyu yupo, huyu amefariki, huyu yuko Uganda, huyu amerudi kanisani, huyu naye, huyu sijui. Daftari lake halina safu ya kutoka, na makanisa ya kilokole yaliyoota kila kona ya Kigali yana madaftari yao. Sensa ya 2012 iliwakuta Waprotestanti wakikaribia asilimia 38 na Wakatoliki wameshuka hadi 44 hivi. Waislamu walikuwa asilimia 2, kama watu 210,000.

Hata hivyo sensa nayo haiingii moyoni mwa mtu. Karani huketi na mkuu wa kaya, na mkuu wa kaya hujibu kwa niaba ya wote. Ustadh alinionyesha jina la binti aliyesilimu 1996 huku baba yake akiwa mzee wa kanisa. Baba hakuambiwa. Mwaka 2002 binti alikuwa bado anaishi kwa baba yake, na karani alipopita, aliyejibu maswali ni baba. Katika kaya ngapi nyingine jibu lilitolewa na mtu asiyejua? Na ni wangapi walioandikwa Waislamu na waume zao, ilhali Jumapili wanakwenda kwingine?

Kwa idadi ya jumla naiamini sensa kuliko gazeti. Kwa binti huyu naliamini daftari. Nilimshauri ustadh alipeleke mahali pa kuhifadhi kumbukumbu, kwani karatasi zimeanza kuota ukungu. Alikataa. Humo mna majina ya watu walio hai, alisema, na baadhi yao hawajawaambia watoto wao walikuwa nani kabla ya 1994.