Kabla ya kununua mfereji wa bia, chunguza kidhibiti cha gesi

TANGU bia ya Senator ilipoanza kuuzwa kwa mapipa mwaka wa 2004, Wakenya wengi wamezoea kuona mhudumu akivuta mkono wa mfereji na kikombe kikajaa. Kuna wanaotamani kuwa na mtambo kama huo nyumbani, jinsi wafanyavyo Wamarekani wengi wanaojitengenezea bia, kazi ambayo sheria ya taifa lao iliihalalisha mwaka wa 1978. Pipa lao la kawaida hubeba lita 19 na awali lilikuwa la soda.

Kwa kawaida mnunuzi huvutiwa kwanza na mfereji unaong'aa. Angefaa kuanza na kidhibiti cha gesi, kwani ndicho kinachoweza kumdhuru.

Bia husukumwa na gesi ya kabonidayoksaidi. Katika joto la kawaida la chumba, shinikizo ndani ya mtungi wake hukaribia pauni 800 kwa kila inchi mraba, ilhali pipa linahitaji kama pauni 12 tu iwapo bia ina baridi ya nyuzi 4. Kazi ya kidhibiti ni kuishusha nguvu hiyo. Kile cha mtungi wa gesi ya kupikia hakifai kabisa, kwa kuwa shinikizo la gesi ya jikoni halifiki hata robo ya hilo. Chombo cha kununua ni kilichoundiwa kabonidayoksaidi, chenye vali ya usalama inayoachilia gesi shinikizo linapozidi, na vali nyingine inayozuia bia kurudi nyuma.

Vidhibiti vingi vina mita mbili. Moja huonyesha shinikizo linaloenda kwenye pipa, nayo ni ya lazima. Ya pili, ya mtungi, hupotosha wengi. Gesi iliyomo imegeuka kuwa majimaji, hivyo mshale husimama palepale hadi majimaji yaishe, kisha huporomoka ghafla. Anayetaka kujua kiasi kilichobaki heri aupime mtungi kwa mizani.

Aidha, vipimo vya vitabuni ni vya maeneo ya pwani. Mita hupima tofauti kati ya shinikizo la ndani na la hewa ya nje, na hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Pauni 12 za Mombasa ni sawa na takriban pauni 15 jijini Nairobi.

Ama kuhusu mfereji, jambo la kuuliza ni mahali unapofungia. Ile ya kale hufungia nyuma, mbali na mdomo. Bia inayosalia mbele hukauka na kunata, mkono ukagoma kusogea na ukungu ukapata makao. Ile inayofungia mbele haiachi nafasi hiyo, na inastahili bei yake ya juu. Mfereji wa shaba ya manjano uliopakwa kromu ni rahisi, lakini asidi ya bia hula kromu hiyo polepole hadi shaba ikajitokeza. Chuma kisichoshika kutu hudumu zaidi.

Povu jingi, ambalo mfereji hulaumiwa kwalo, mara nyingi hutokana na mpira mfupi. Mpira wenye tundu la milimita 5 huhitaji urefu wa kama mita 3 ili kupunguza kasi ya bia. Mfereji nao hufunguliwa wote kwa mara moja. Ukifunguliwa nusu, bia hutoka povu tupu.

Wapenzi wa Guinness wana hesabu tofauti. Tangu mwaka wa 1959, Guinness ya pipa hutolewa kwa mchanganyiko wenye naitrojeni, kupitia mfereji wenye kisahani cha matundu madogo. Mtungi wake una shinikizo kubwa zaidi na huhitaji kidhibiti chake maalum.

Baada ya kuunganisha, kila kiungo hupakwa maji ya sabuni ili mapovu yafichue penye mwanya. Gesi ya kupikia hutiwa harufu makusudi ili ikivuja watu wang'amue. Kabonidayoksaidi haina harufu wala rangi, ni nzito kuliko hewa, na ikifika asilimia 10 ya hewa ya chumba, mtu huweza kuzirai kwa dakika chache. Kwa sababu hiyo mtungi hauwekwi katika chumba cha kulala wala stoo isiyo na dirisha, na hufungwa ukiwa wima ili usianguke.