Usukani wa loda ukigoma, usikimbilie kubadilisha pampu

IKIWA unafanya kibarua kwenye machimbo ya mawe, mahali pa kuuza kokoto au mjengo wa barabara, bila shaka wili loda unaijua. Ni ule mtambo wa magurudumu manne makubwa wenye kijiko mbele, unaojaza lori kwa dakika chache tu. Mingi tunayoiona humu nchini ni mikongwe iliyonunuliwa ng'ambo ikiwa imeshatumika: Caterpillar, Komatsu na Kawasaki zilizomalizia ujana wao kwingine. Injini bado inanguruma vizuri, lakini siku moja usukani unakuwa mzito kama jiwe.

Hapo ndipo pesa huanza kumwagika. Mdosi anampigia fundi simu, fundi anasema "pampu imekufa", pampu inanunuliwa, na wiki inayofuata usukani ni mzito vilevile. Kama wewe ni opareta chipukizi, tanboi au mwanafunzi wa ufundi wa mitambo, kujua kusaka tatizo hatua kwa hatua kutakutofautisha na wale wa kubahatisha.

Jua kwanza unavyofanya kazi

Loda haikati kona kwa magurudumu ya mbele kama matatu. Imegawanyika vipande viwili vilivyounganishwa katikati kwa pini kubwa za juu na chini, na hujikunja hapo kiunoni. Silinda mbili, moja kila upande, ndizo husukuma na kuvuta.

Pampu hunyonya oili kutoka kwa tangi na kuipeleka kwenye valvu ya usukani. Katika mitambo mingi valvu hiyo huwa chini ya usukani wenyewe na mafundi huiita obitroli. Kutoka hapo oili huenda kwa silinda, kisha hurudi kwa tangi kupitia filta. Kuna pia rilifu valvu, ambayo huifungulia oili njia ya kurudi presha ikizidi.

Sasa shika hili: pampu haitengenezi presha, kazi yake ni kusukuma oili. Presha huja oili inapokutana na mzigo. Oili ikipata upenyo wa kutorokea mahali popote, presha itashuka hata kama pampu ni mpya kabisa. Ndiyo maana kubadilisha pampu bila kupima ni kamari.

Usalama si mchezo

Hapo kiunoni ndipo watu hupondwa. Mtambo ukijikunja, nafasi iliyo kati ya fremu ya mbele na ya nyuma hufungika, na hakuna binadamu wa kuizuia. Kabla ya kuingiza hata kichwa, egesha mahali tambarare, teremsha kijiko hadi chini, weka handibreki, zima injini na utie ufunguo mfukoni mwako. Zuia magurudumu, kisha ufunge kile chuma cha kufungia kiuno. Kwenye mitambo mikongwe chuma hiki hupotea mara nyingi. Kikikosekana, usiingie hapo kati. Mwisho, zungusha usukani huku na huku ili presha iliyobaki itoke.

Jambo lingine: usitafute mahali panapovuja kwa kupapasa hosi na mkono. Gurudumu la gari dogo lina presha ya takriban PSI 30. Usukani wa loda hufanya kazi kwa maelfu ya PSI, ilhali PSI 100 tu zatosha oili kupenya ngozi. Kidonda huonekana kidogo kama cha sindano, lakini oili iliyoingia ndani inaweza kukufanya ukatwe kidole au mkono mzima. Tumia kipande cha kadibodi. Oili ikikuingia, nenda hospitali saa hiyo hiyo, usingoje uvimbe.

Soma dalili

Anza na vitu vya bure. Angalia kiwango cha oili na rangi yake. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Ikiwa na povu na pampu inapiga mluzi, hewa inanyonywa, mara nyingi kwa sababu klampu ya hosi kati ya tangi na pampu imelegea au hosi imepasuka. Upande huo hauvuji nje, kwa hivyo wengi hupitwa nao. Chujio lililoziba ndani ya tangi pia huifanya pampu ilie.

Je, usukani ni mwepesi asubuhi, kisha unazidi kuwa mzito oili ikipata moto? Oili ya moto huwa nyepesi na hupenya kwa urahisi palipolika. Shuku pampu, obitroli au sili za silinda. Ukikanyaga mafuta na usukani unarudi kuwa poa, hiyo pia ni dalili ya kulika ndani.

Je, ni mzito upande mmoja tu? Hapo usilaumu pampu, kwa kuwa inahudumia pande zote. Silinda nazo hushirikiana kila unapokata kona, moja ikisukuma na nyingine ikivuta. Angalia valvu ya usukani na zile valvu ndogo za kuzuia mshtuko, kwani uchafu kidogo tu hutosha kuzikwamisha zikiwa wazi.

Je, unakuwa mzito unapoinua kijiko pekee? Katika mitambo ambayo usukani na kijiko hugawana oili, kuna valvu inayopaswa kuupa usukani kipaumbele. Ianzie hiyo.

Na ikiwa mtambo unayumba barabarani ingawa usukani ni mwepesi, huenda oili haina shida. Pini na bushi za kiunoni au za silinda zikilika, kunakuwa na mchezo. Mwambie mwenzako azungushe usukani kidogo kidogo huku wewe ukitazama ukiwa mbali na kiuno. Grisi ya kila siku ni rahisi kuliko bushi mpya.

Geji ndiyo hakimu

Baada ya hayo, pima. Hakikisha hakuna mtu karibu, toa chuma cha kiunoni, unganisha geji mahali palipotengwa, pasha oili moto, kisha kata usukani hadi mwisho na ushikilie kwa sekunde chache tu. Linganisha na takwimu za kitabu cha mtambo huo, si za mtambo wa jirani. Presha ikiwa chini, safisha na ukague rilifu valvu kabla ya kugusa pampu.

Usikaze tu rilifu valvu ili usukani uwe mwepesi. Huo ni ujanja unaopasua hosi, na hosi ya usukani ikipasuka opareta akiteremka mlima na tani kadhaa za mawe, hana pa kugeukia. Loda nyingi za zamani hazina usukani wa dharura.

Ukifungua chochote, ziba ncha za hosi kwa vifuniko, wala si kwa kitambaa chenye nyuzi. Vumbi usiloliona kwa macho ndilo huua valvu mpya.

Ukitaka kazi hii iwe riziki ya kudumu, taasisi ya KIHBT hufunza ufundi wa mitambo, na NITA huwapa mtihani wa ufundi hata waliojifunzia kazini. Lakini anza leo: nunua daftari, uandike saa za mtambo, oili iliyoongezwa, dalili na presha uliyopima. Fundi mwenye daftari hubishana na mdosi kwa takwimu, na mdosi huheshimu takwimu kwa sababu zinamwokolea pesa.