Kitufe cha “Lipa” Kimenyamaza? Cheki onload Yako

Msee, umejengea klayenti tovuti, slaidi za picha zinateleza fiti, lakini mtu akibonyeza “Lipa”, zii. Hapo doh ya klayenti inapotea, na yako haitoki.

Mara mingi kitufe hakina shida. Cheki kama umeandika window.onload mara mbili: ya kwanza inawekea kitufe kazi yake ya kubonyezwa, ya pili inaanzisha slaidi. Hiyo nafasi hubeba fanksheni moja tu. Ya pili inafuta ya kwanza, na konsoli haikuambii kitu.

Dawa? Zote mbili ziandike window.addEventListener('load', ...). Zitapanga laini, kila moja ipate zamu. Na kama picha ni nzito, ya kitufe ibadilishie 'load' iwe 'DOMContentLoaded', isingoje picha zimalize kufunguka.