Damu Haisemi Siku Ileile

Katika miji yetu, tangu Bukavu hadi Kisangani, wako watu wafikao kwenye kituo cha afya alfajiri, kabla majirani hawajafungua milango, nao huomba neno moja tu: wapimwe damu. Wakiulizwa sababu, husema wana homa, au uchovu wa safari. Kumbe kilichowaleta ni jambo la juzi usiku: wamelala na mtu wasiyemjua vema, na sasa hofu imewanyima usingizi. Mtu wa namna hiyo hupimwa, huambiwa hakuna kitu, hurudi kwa mkewe akiwa mwepesi kama aliyetuliwa mzigo. Na karatasi ile aliyoikunja mfukoni haijamwambia lolote juu ya usiku ule.

Hatuandiki haya ili kumhukumu mtu. Padri ana mahali pake pa kusikiliza dhambi, na mganga ana mahali pake pa kusikiliza ugonjwa, nao wote wawili wamefundishwa kufunga midomo. Tunaandika kwa kuwa tumeona nyumba zikiharibika, si kwa ugonjwa wenyewe, ambao mara nyingi unaponyeka, bali kwa kutojua kuhesabu siku.

Tazameni jinsi kipimo kinavyofanya kazi. Kile kipimo cha haraka cha SIDA, ambacho ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanauita UKIMWI, hakitafuti virusi vyenyewe. Kinatafuta askari ambao mwili umewaunda ili kupigana na virusi hivyo. Nao mwili hauundi jeshi kwa siku moja. Huchukua majuma kadhaa, na kwa watu wengine hata miezi mitatu. Siku hizo waganga wameziita dirisha: adui amekwisha ingia nyumbani, lakini kipimo hakimwoni. Kwa hiyo anayepimwa kwa tone la damu ya kidole siku ya tatu anapata habari ya maisha yake ya miezi iliyopita, wala si ya juzi. Habari hiyo ina faida, maana huonyesha kama alikuwa na ugonjwa tangu zamani. Lakini ni lazima arudi zikitimia siku 90. Zipo mashine katika hospitali kubwa ziwezazo kuona mapema zaidi, hata baada ya majuma mawili au matatu, ila haziko kila mahali.

Magonjwa mengine yana kalenda yake. Kisonono na klamidia hutafutwa kwa mkojo au kwa ute, na inafaa kungoja karibu majuma mawili. Kaswende huonekana katika damu baada ya majuma kadhaa, na mwenye shaka arudie ifikapo miezi mitatu. Homa ya ini ya namna B nayo hupita kwa njia hiyohiyo, lakini ina chanjo, na asiyechanjwa aiulizie.

Pengine msomaji atasema: basi, kama damu haisemi mapema, nikae nyumbani mpaka miezi mitatu ipite. Hapana! Hapa ndipo wengi wanapopotea. Saa za kipimo ni ndefu, lakini saa za dawa ni fupi mno. Ziko dawa zinazoweza kuzuia virusi vya SIDA visipate makao mwilini, mradi zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na kila saa inayotangulia ni bora kuliko ifuatayo. Kisha humezwa kila siku kwa siku 28 bila kukatiza. Jambo hili linawahusu kwanza wale waliotendewa jeuri. Sisi wa Kivu hatuhitaji kuelezwa habari hizo. Hospitali ya Panzi ilifunguliwa Bukavu mwaka 1999, na mganga wake, Denis Mukwege, alipewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018 kwa ajili ya kuwatunza wanawake walioumizwa hivyo. Mama au binti aliyepatwa na msiba huo asingoje baraza la ukoo wala mashauri ya faini. Apelekwe siku ileile. Na kituo kikisema dawa imekwisha, wazazi waulize palipo karibu inapopatikana, wala wasirudi kulala.

Na hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani? Watu wetu wanaogopa SIDA peke yake, na hofu hiyo imewafumba macho. Wataalamu wamekadiria kwamba mwanamke akilala mara moja na mwanamume mwenye virusi asiyetumia dawa, uwezekano wa kuambukizwa ni karibu mara 8 katika 10,000. Hesabu hiyo yaonekana ndogo, lakini hupanda sana kama kuna kidonda, au kama mwenye virusi ameambukizwa karibuni, wakati virusi vimejaa damuni. Kinyume chake, mwenye virusi anayemeza dawa zake kila siku, hata virusi visionekane tena katika kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa tendo hilo. Neno hili limethibitishwa, na inafaa lijulikane vijijini, maana wengi wametengwa bure. Sasa linganisheni na kisonono. Mwanamume akilala mara moja na mwanamke mwenye kisonono, hukadiriwa kwamba mmoja kati ya watano huambukizwa. Na mwanamke kwa mwanamume, nusu au zaidi. Basi anayeuliza SIDA tu na kwenda zake amelinda dirisha, na mlango ameuacha wazi.

Kaswende ina hila yake. Kidonda chake cha kwanza hutokea mara nyingi baada ya majuma matatu hivi, pengine siku 10, pengine 90, nacho hakiumi. Kisha, bila dawa yoyote, kidonda hupona! Mtu humshukuru Mungu, au humshukuru mwenye mizizi aliyempaka majani, naye mwenye mizizi hupata sifa asizostahili. Ugonjwa umeingia ndani tu. Baadaye huja vipele, hata katika viganja na nyayo, navyo hutoweka vilevile; na baada ya miaka mingi huweza kushambulia moyo na ubongo. Mdudu wake alionekana Berlin mwaka 1905, kipimo cha damu kikapatikana mwaka 1906, na tangu mwaka 1943 yajulikana kwamba penisilini humwua. Ugonjwa ukiwa bado mchanga, sindano moja ya penisilini ya benzathini, uniti milioni 2.4, yatosha. Dawa ni rahisi hivyo, na bado watu wanaharibika.

Kwa wanawake jambo ni zito zaidi, kwa kuwa kisonono na klamidia hukaa mwilini mwao kimya. Mume hulia akienda haja ndogo. Mke hasikii kitu, huku mirija ya uzazi ikizibika. Katika Kongo ya zamani, hasa kwa Wamongo wa Équateur, waganga wa Kibelgiji walishtushwa na vijiji vyenye watoto wachache. Uchunguzi ulionyesha baadaye kwamba magonjwa haya, kisonono hasa, yalikuwa sababu kubwa ya utasa katika ukanda mrefu wa Afrika ya Kati. Ni wanawake wangapi waliorudishwa kwa baba zao kwa jina la tasa, na mahari ikadaiwa, hali ugonjwa uliletwa na mume aliyetoka kazini mjini? Sisi hatuwezi kuwahesabu. Lakini desturi hiyo haijafa, na tungependa baraza la ukoo, kabla ya kumhukumu mke, liulize kama mume amepimwa.

Juu ya vidonge vya sokoni tutasema machache. Ampisilini mbili na tetrasikilini tatu, zilizofungwa katika kipande cha gazeti, hukausha usaha na kuacha vijidudu. Kisonono kimezoea dawa nyingi za zamani, kikazishinda. Siku hizi kinahitaji dawa inayochaguliwa na mganga, mara nyingi kwa sindano.

Tena, anayetibiwa peke yake hajatibiwa. Akipona leo na kumrudia mkewe asiyetibiwa, wataambukizana tena kama watu wanaorushiana mpira. Ajizuie mpaka majibu yatoke na dawa ziishe, na kwa kisonono na klamidia mpaka siku saba zipite baada ya wote wawili kutibiwa. Asiyejizuia ajue kwamba kondomu hupunguza hatari sana. Kumwambia mke ni kazi ngumu kuliko sindano, twajua. Yako mambo ambayo mwuguzi mwenye hekima aweza kusaidia kuyasema, akiwapokea wote wawili chumbani mwake. Kule Mwanza, ng'ambo ya ziwa Victoria, vituo vya afya vilipofundishwa kutibu vizuri magonjwa haya ya zinaa, maambukizo mapya ya SIDA yalipungua kwa karibu 40 kwa mia katika vijiji vilivyochunguzwa. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1995.

Limebaki neno la mama mjamzito. Damu yake ipimwe kaswende na SIDA katika ziara ya kwanza, asingoje tumbo liwe kubwa, kwa kuwa kaswende humfikia mtoto tumboni, akazaliwa mfu au mgonjwa. Penisilini humponya mama na kumfikia mtoto pia, lakini inafaa apewe si chini ya siku 30 kabla ya kujifungua. Na siku anapokwenda kupimwa, mume aingie naye, anyoshe kidole chake pia. Kama alisafiri miezi ile, amwambie mwuguzi tarehe, ili ajue ni lini damu ile irudiwe.