Mabaki ya Leza Kwenye Plastiki: Utangulizi

Kibao cha akriliki kinapotoka kwenye mashine ya leza bado hakifai kukabidhiwa mteja. Kando ya kila herufi pana utando mweupe unaonata kidogo ukipitisha kidole. Ukikiinua kwenye mwanga unaona ukungu umesambaa kutoka kwenye mkato, mzito zaidi upande ule feni ilikovutia moshi, na chini yake, mahali kilipolalia wavu wa chuma, pana alama ndogondogo zilizoungua. Kijana wa karakana huchukua kitambaa, akamimina spiriti, akapangusa. Kibao kinang'aa, mteja anaondoka amefurahi. Siku mbili baadaye anarudi nacho kikiwa na nyufa nyembamba mno, zisizoonekana mpaka ukitazame kwa ubavu, zote zikianzia kwenye ukingo uliokatwa. Hakuna aliyekiangusha.

Nyufa hizo ndizo mlango wa somo hili. Wanakemia wa polima wanaligusa wakipita, wauzaji wa mashine huliwekea kurasa mbili mwishoni mwa mwongozo, na mafundi wanalijua kwa mikono yao bila kuliandika. Nimeona vyema kuliandikia Biryogo. Mtaa huu wa Nyarugenge, jijini Kigali, umezungumza Kiswahili tangu enzi za Wabelgiji, Waislamu wa mji walipotengewa eneo hapa na makazi yao yakaitwa Kambi ya Waswahili. Leo kuna maduka ya vipuri, madrasa, na barabara zilizofungwa kwa magari mwaka 2021, zikapakwa rangi na kutandazwa meza za chai ya mnanaa. Mahali penye biashara nyingi hivi hapakosi kazi za leza: vibao vya migahawa, namba za milango, ngao za mashindano, aya za Qurani za kutundika sebuleni. Mashine yenyewe huenda iko mtaa mwingine, maana Kigali ina karakana ya umma ya FabLab Rwanda tangu mwaka 2016 na watu binafsi nao wamenunua zao, lakini kibao huja kupanguswa na kutunzwa hapa. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017. Miongozo ya kazi hii, hata hivyo, bado huja kwa Kichina, au kwa Kiingereza cha kubahatisha.

Tuanze na swali ambalo fundi mwenye haraka halijali: yale mabaki ni nini hasa? Wengi hudhani ni masizi. Kwenye mbao ni kweli, kwa sababu mbao huungua. Akriliki haifanyi hivyo. Leza ya kaboni dioksidi, aliyoibuni Kumar Patel, Mhindi aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1964, hutoa mwanga wa mikromita 10.6. Jicho haliuoni mwanga huo, na akriliki ambayo kwetu ni angavu kama kioo, kwake ni ukuta. Nguvu yote humezwa juu ya uso. Joto linapopita nyuzi 300 za Selsiasi, minyororo mirefu ya polima hufunguka pingili kwa pingili na kurudi kuwa kimiminika kilekile ilichotengenezwa nacho kiwandani, methili methakrilati, kinachochemka kwa nyuzi 101 tu na hivyo huruka papo hapo kikiwa mvuke. Kuna viwanda vinavyoyeyusha chakavu za akriliki kwa kutegemea tabia hiyohiyo, vikavuna malighafi upya.

Mvuke huo ukikutana na sehemu ya kibao iliyo baridi hugeuka matone, kama ule wa maji kwenye mfuniko wa sufuria. Ndani yake mna vipande vifupi vya minyororo ambavyo havikufunguka hadi mwisho, na hivyo ndivyo vinavyonata. Kwa hiyo unachopangusa ni plastiki yenyewe iliyopanda hewani ikashuka tena. Hapo ndipo ugumu wote wa kazi hii ulipo, kwa sababu kitu chochote chenye nguvu ya kuyeyusha mabaki kina nguvu ya kuyeyusha kibao.

Asetoni inaonyesha hili vizuri kuliko maelezo yangu. Lenzi ya mashine za aina hii mara nyingi ni ya zinki selenidi, nayo hupata utando uleule. Lenzi husafishwa kwa asetoni safi na karatasi laini maalumu, bila kukandamiza, na inatoka salama. Tone hilohilo likianguka kwenye akriliki, uso unageuka mweupe na kulainika kabla hujafika na kitambaa, na hakuna tena cha kurudisha. Chupa moja, meza moja, matokeo mawili. Ningependa kila karakana iweke chupa ya lenzi mbali na meza ya kupangusia, na iandikwe kwa herufi kubwa.

Spiriti ni mjanja zaidi, kwa sababu haileti madhara mbele ya macho yako. Leza inapokata, ukingo huyeyuka na kupoa upesi huku mwili wa kibao ukiwa baridi. Ukingo unataka kusinyaa, mwili unauzuia. Unabaki umevutwa, na mvuto huo haulegei wenyewe. Alkoholi, iwe ya kusafishia majeraha au ile ya dukani ya kusafishia, hupenya kati ya minyororo iliyovutika na kuilegeza, ikafunguka nyufa. Wakati mwingine dakika tano zinatosha, wakati mwingine mpaka kesho yake. Kipande kilekile kisichokatwa kwa leza kingeweza kupanguswa kwa alkoholi hafifu kisidhurike, na ndiyo maana mafundi wawili wanaweza kubishana siku nzima kuhusu spiriti na wote wakawa wanasema kweli. Mmoja alikata kwa msumeno, mwingine kwa leza. Wakati wa Korona ngao nyingi za akriliki ziliwekwa kwenye kaunta duniani kote, zikafutwa kwa vitakasa mikono vya alkoholi, na wengi wakaona nyufa zikizunguka matundu ya skrubu bila kuelewa zimetoka wapi. Sababu ni hiyohiyo, maana skrubu nayo huvuta. Vimiminika vya kusafishia vioo vya madirisha vyenye amonia viingie kwenye orodha hiyohiyo ya maadui.

Inashangaza kidogo, kwa sababu plastiki hii ina uvumilivu mkubwa mahali pengine. Lenzi bandia ya kwanza aliyoipandikiza daktari Harold Ridley ndani ya jicho la mgonjwa, London, mwaka 1949, ilikuwa ya akriliki. Inaishi ndani ya jicho la mtu, lakini haistahimili pamba yenye spiriti kwenye ukingo wake.

Dawa ya mvuto ipo. Kibao hupashwa joto la karibu nyuzi 80 kwa saa mbili au zaidi kulingana na unene wake, kisha huachwa kipoe polepole ndani ya tanuri lililozimwa. Kwa ngao ya mashindano itakayogundishwa au kupakwa rangi, inafaa. Kwa kibao cha mgahawa, sidhani kuna mtu atakayelipia umeme huo. Ni rahisi zaidi kuacha spiriti.

Njia ninayoipendekeza ina sifa mbaya ya kuwa ya kawaida mno: maji ya vuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Acha kibao kipoe kabisa. Mwagia maji kwanza bila kukigusa, ili vumbi liondoke, maana vumbi la kiangazi cha Kigali ni mchanga mdogo na mchanga hukwaruza. Pitisha kiganja chenye povu, ukisikia kwa vidole mahali panaponata. Kiganja kinatambua utando ambao jicho limeshindwa kuuona. Mahali palipochongwa tumia mswaki laini uliolowana, ukifuata mkondo wa herufi. Suuza, kisha gusagusa kwa kitambaa cha pamba au cha maikrofaiba kilicholowa kidogo. Usikipanguse kikiwa kikavu. Kitambaa kikavu hukitia kibao umeme tuli, na kabla hujakitundika ukutani kimeshavuta vumbi lote la barabarani.

Gundi ya karatasi ya kinga inayobandikwa juu ya akriliki ikibaki na kukataa sabuni, mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa huiondoa bila kuidhuru akriliki, kisha unaosha tena kwa sabuni. Petroli, hapana. Inafanana na mafuta ya taa kwa asili, lakini imebeba viambato vinavyoishambulia plastiki hii, achilia mbali hatari ya moto.

Karatasi hiyo ya kinga ndiyo inayonipeleka kwenye kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kazi ya Biryogo hasa: Ayatul Kursi iliyochongwa kwenye akriliki nyeusi au ya kioo cha kujitazamia. Fundi ana chaguo mbili mwanzoni. Akiiacha karatasi juu ya kibao, ukungu unatua juu ya karatasi na uso unabaki safi, ila leza inapochonga inachoma karatasi na gundi yake, na majivu yanagandia kwenye kingo za herufi. Baadaye atakaa na kibanio akichambua vipande vya karatasi kutoka ndani ya kila mdomo wa faa na kila jicho la waw. Akiivua karatasi, kuchonga kunakuwa safi lakini uso mzima unapata ukungu. Tena hati ya Kiarabu haisamehe. Tone la mabaki lililoganda juu ya herufi linaonekana kama nukta, na nukta moja ikizidi, raa inasomeka zay. Mashine haikukosea hata kidogo, ila maandishi ya Mungu yamepata nukta isiyo yake. Kwa kazi ya namna hii mimi niko upande wa wanaovua karatasi na kupaka juu ya uso utando mwembamba sana wa sabuni ya vyombo kabla ya kuchonga. Mvuke unatua juu ya sabuni, na maji yanaondoka na vyote viwili. Ikiwa ni akriliki ya kioo inayochongwa kwa nyuma, ijulikane kwamba rangi ya mgongoni ni dhaifu na msuguano wowote unaila. Hapo mswaki uwekwe kando.

Hapa msomaji atakuwa ameona kwamba usafi huanza kabla ya kuwasha mashine. Hewa ya kompresa ikipulizwa kwa nguvu hufukuza mvuke, lakini hupoza ukingo mapema na kuunyima ule mng'ao wa kioo ambao mteja anaupenda. Ikipulizwa kidogo, ukingo unang'aa, ukungu unaongezeka na hatari ya ndimi za moto inapanda. Hakuna kipimo kimoja cha kuwapa watu wote. Aina ya akriliki nayo ina neno lake: ile iliyomiminwa kati ya mabamba ya vioo huchongeka ikatoka nyeupe kama jalidi ya asubuhi na hupasuka kwa shida, ile iliyosukumwa kwa mashine huchongeka bila kuonyesha weupe na hupasuka haraka. Bei ya ya pili ni ndogo, na wauzaji wengi hawakwambii unanunua ipi.

Plastiki nyingine nizitaje kwa haraka. Mabamba ya rangi mbili ya vibao vya ofisini mara nyingi ni ya aina nyingine kabisa, na huacha vumbi linaloganda ndani ya herufi. Mswaki na sabuni vinatosha ukiwahi. Polikaboneti hukataa leza, huungua ikawa kahawia, na kahawia hiyo imeingia ndani, haisuguliki. PVC haikatwi kamwe. Ikiguswa na leza hutoa gesi ya asidi inayochoma mapafu na kutia kutu reli za mashine, na hakuna usafi utakaorudisha kimoja wala kingine. Ukiletewa kipande kisicho na nembo, kipime nje, penye hewa: pasha waya wa shaba mpaka uwe mwekundu, gusisha kwenye plastiki, urudishe motoni. Moto ukigeuka kijani, mna klorini, kirudishe kwa aliyekileta. Jaribio hili alilitangaza Friedrich Beilstein mwaka 1872 na bado halijapitwa na wakati.

Mvuke wa akriliki wenyewe huwasha macho na koo, na kwa baadhi ya watu huzoesha ngozi vibaya hata ikawa na vipele kila wanapougusa. Feni isiyotoa moshi nje ya jengo ni kuhamisha tatizo tu kutoka kwenye kibao kwenda kwenye mapafu.

Yaliyobaki yanahitaji watu wa kuyachunguza, na hayahitaji maabara. Maji yetu, vumbi letu, sabuni za maduka yetu na akriliki inayofika Kigali havijaandikwa popote kwa pamoja. Basi, msomaji, chukua chakavu cha milimita 3, ukate kwa leza vipande vinne vinavyofanana. Kimoja kipanguse kwa spiriti, kimoja kwa kimiminika cha madirisha, kimoja kwa sabuni ya vyombo, cha nne usikiguse. Kiandike kila kimoja nyuma kwa kalamu: kimepanguswa kwa nini, lini, na akriliki ilitoka duka gani. Vitazame kesho yake kwa ubavu, kwenye mwanga wa dirisha, kisha tena baada ya wiki. Uandike ulichokiona kwa Kiswahili, umpe na fundi wa jirani asome.